Nyumba ya Opiyo Kwanza

Frankline Odongo alizaliwa baada ya pacha wake, Opiyo, katika zahanati moja ya Seme, magharibi mwa Kisumu. Hakuna aliyeandika muda uliopita kati yao. Mama yao, Dorca, anasema chai aliyoletewa baada ya mtoto wa kwanza ilikuwa bado moto wa pili alipolia. Muda huo mfupi ulimfanya Opiyo kuwa mkubwa na Odongo kuwa mdogo, na katika boma la Waluo cheo hicho hakibadiliki.

Odongo sasa ana umri wa miaka arobaini na moja. Ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana inayounda na kukarabati boti za chuma karibu na bandari ya Kisumu. Mishono yake haivuji, na wenye boti kutoka Mbita humwulizia kwa jina. Lakini kazi imepungua. Mafundi huitwa kwa zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na katika wiki zake za kukaa bure anayelisha nyumba ni mke wake, Celestine, muuzaji wa mitumba katika soko la Otonglo. Macho pia yameanza kumsumbua. Anajua, kama wachomeleaji wote wanavyojua, kwamba ufundi wake una mwisho.

Kwa hiyo Novemba iliyopita, kampuni ya kuunda meli ya ng'ambo ilipowahoji kwa video yeye na mwenzake wa karakana, Winny Atieno, na kuwapa wote wawili barua za kazi, Odongo aliisoma yake mara mbili kwenye ngazi za ofisi ya wakala.

Wakala, mwanamke mtulivu aitwaye Amirah, hakuwaficha kitu.

"Nchi hiyo hubadilisha sheria za viza za ujuzi kila mwaka, mwezi wa Julai," aliwaambia. "Kuna kazi zinazoingia kwenye orodha na kuna zinazotolewa. Mwaka huu wachomeleaji mmo. Mwaka ujao siwezi kuapa. Maombi yakishapokelewa kabla ya Julai, yanaamuliwa kwa sheria ya zamani. Mkichelewa, hata barua ya mwajiri haitawasaidia."

"Si wataongeza muda kidogo?" Odongo aliuliza.

"Bwana Odongo, hao si serikali yetu."

Winny alicheka. Odongo alitabasamu, lakini hakuamini. Ameishi maisha yake yote katika nchi ambayo siku ya mwisho ya kusajili laini ya simu huahirishwa, na ya kulipa ushuru huahirishwa, na anayekimbilia mapema huonekana mshamba.

Jumamosi hiyo alikwenda Seme kumpa mama yake habari. Dorca aliisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga.

"Ni vizuri," alisema. "Na ukifia huko?"

"Mama, naenda kufanya kazi."

"Watu hufa kazini. Wakikuleta, tutakulaza wapi? Kwenye jikoni yangu?"

Odongo amepanga mjini tangu ujana wake, na hakuwahi kujenga kwao. Kwa desturi, maiti ya mwanamume huingizwa katika nyumba yake kabla ya kuzikwa, na asiye na nyumba hujengewa kibanda cha haraka huku waombolezaji wakitazama. Dorca aliwahi kuiona aibu hiyo kwa jirani. Alimtaka mwanawe asitie sahihi kwenye karatasi za safari yoyote kabla nyumba haijasimama. Mchungaji wao alisema hayo ni mambo ya zamani. Dorca alimjibu kwamba yeye mwenyewe, mchungaji, ana nyumba kwao, tena ya vyumba vinne.

Tatizo halikuwa kujenga. Ndugu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na Opiyo hakuwa amejenga.

Opiyo huendesha trekta la miwa Muhoroni. Kiwanda kikifunguliwa hufanya kazi, kikifungwa hulala chini ya trela. Odongo alimfuata huko Januari, akamkuta akila muwa.

"Nitakununulia mabati," Odongo alisema. "Fundi pia nitamlipa. Wewe uje tu ulale usiku wa kwanza, kisha nijenge yangu."

Opiyo alitema makapi. "Omera, ndugu yangu, kila mtu Seme ajue nimejengewa na mdogo wangu?"

"Mdogo gani? Tumezaliwa siku moja!"

"Nilipotoka ulikuwa wapi? Si ulibaki ndani ukinisubiri nikuangalizie kama kuko salama? Basi subiri tena. Kiwanda kikilipa, nitajenga kwa mkono wangu."

Odongo angeweza kupeleka maombi kimyakimya. Celestine alimsihi afanye hivyo. Kujaza fomu si kusafiri, alimwambia. Viza ikitoka ikae ndani ya pasipoti wakati Opiyo anachanganya udongo. Odongo alimjibu kwamba ameshamwahidi mama yake. Jambo lililomzuia hasa, ambalo alilisema baadaye, ni hofu. Ana mabinti wawili. Anayeruka zamu yake bomani, huku kwao huaminiwa kwamba huletea watoto wake ugonjwa usio na dawa, na kwake kutia sahihi kabla ya nyumba ya Opiyo kulikuwa kuiruka zamu hiyo.

Winny hakuwa na mtu wa kumsubiri. Binti hapewi nafasi ya kujenga katika boma la baba yake, na Winny hajaolewa. Aprili, wakati wa mapumziko, alimwambia Odongo kwamba alama zake za vidole za viza zimeshachukuliwa.

"Mama yako hakukuuliza utazikwa wapi?"

"Mimi? Nje ya ua, kama wote ambao hawajaolewa. Hapo sihitaji bati." Alipangusa miwani yake ya kazi. "Odongo, peleka hizo karatasi. Nisiende huko nikose mtu wa kuongea naye Dholuo."

Winny alisafiri Juni mwanzoni. Mafundi walimnunulia soda, na meneja akampa Odongo mashine aliyokuwa akiitumia Winny.

Mvua za mwaka huu zilichelewa kukatika. Opiyo alilipwa Mei, akaanza kujenga, kuta zikalowa, akaanza tena. Nyumba yake iliezekwa katikati ya wiki ya mwisho ya Juni, na akalala humo kama inavyotakiwa. Odongo alikuwa huko Seme akishika ngazi. Amirah alimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza Odongo alimwambia anakuja. Mara ya pili simu ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa limetundikwa kwa Dorca.

Alifika ofisini Julai imeshaingia, amevaa shati la kanisani, akiwa na bahasha iliyokamilika: cheti cha ufundi, pasipoti, majibu ya hospitali. Amirah aliipokea, hakuifungua.

"Orodha mpya imetoka. Kazi yenu imeondolewa. Sasa wanataka mafundi wenye shahada tu."

"Lakini barua ya kazi ninayo."

"Unayo. Huna pa kuipeleka."

"Hawawezi kuongeza wiki moja?"

Amirah alimrudishia bahasha kwa mikono miwili. "Pole, Bwana Odongo."

Alimwambia Celestine jioni hiyo, naye akaendelea kukunja nguo za kuuza kesho. Seme hakumwambia mtu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa imeshapangwa kuwa siku ya kujenga nyumba yake, na watu walikuja. Opiyo ndiye aliyechimba shimo la nguzo ya kwanza. Majirani walikanyaga udongo wakimtania: asije akarudi akizungumza puani, awakumbuke kwa viatu. Odongo aliwajibu sawa, sawa, atawakumbuka.

Mlango alikuwa ameuchomelea mwenyewe karakanani, fremu na bamba lake, kwa mashine aliyoachiwa na Winny. Alasiri walipoutoa kwenye mkokoteni na kuusimamisha mahali pake, Dorca aliondoka jikoni akaja kuutazama. Alinyoosha mikono yake yote miwili, akaigusisha kwenye fremu upande huu na upande ule.

"Ni mwembamba," alisema.

"Mama, ni kipimo cha kawaida."

"Cha mtu anayetembea. Jeneza la kutoka ng'ambo huja ndani ya sanduku lingine. Niliona la mtoto wa Emmaculate wa kanisani kwetu, ilibidi wavunje ukuta."

Opiyo aliacha kuchimba. Jirani mmoja akasema mama amesema kweli, afadhali kurekebisha sasa kabla udongo haujakauka. Wote wakamtazama Odongo, mwenye mlango na mwenye safari.

Aliomba futi. Alipima upana alioonyeshwa na mama yake, akaweka alama kwa chaki, akawasha grainda na kuikata fremu.