Mchaichai Kutwa Mara Tatu

Mimi Feliciana, mama Brayson, katibu wa jumuiya yetu hapa Mjimwema, ndiye niliyemwondoa Mzee Anania Mgaya hapa Njombe. Sikumfukuza. Nilimwombea. Afadhali ningemfukuza, angalau angejua wa kumlaumu.

Tunapakana uzio. Mzee Anania alifanya kazi kiwanda cha chai miaka thelathini na moja, chumba cha kukaushia majani, na kila jioni alirudi ananukia chai mpaka kwenye soksi. Halafu moyo wa mkewe, Idda, ukaanza kwenda mbio bila sababu. Daktari wa hospitali ya Ikonda akamwambia aachane na chai na kahawa, kafeini haimfai. Idda alirudi analia, na hakuwa analilia moyo, alikuwa analilia chai. Basi Mzee Anania akatoa kopo la majani kabatini, akanipitishia mimi juu ya uzio bila kunieleza sababu, na ndani akamwambia mkewe kama mmoja haruhusiwi basi nyumba nzima hairuhusiwi. Akapanda mchaichai chini ya dirisha la jikoni. Mwezi wa sita na wa saba, sakitu inapoanguka na kuunguza majani kwa baridi, aliufunika kwa viroba kila jioni, na Idda akamtania kwamba siku hizi mchaichai una blanketi zito kuliko lake.

Idda alifariki mwaka juzi. Mzee aliendelea na chai yao ileile. Mchaichai, kijiti cha rozimari, jani moja la mparachichi; anamimina maji ya moto, anafunika, anatazama saa dakika saba kamili kana kwamba msimamizi wa kiwanda amesimama nyuma yake. Kisha anamimina vikombe viwili. Cha kwanza anakunywa. Cha pili anakiangalia mpaka kipoe, halafu anakinywa nacho, kwa kuwa kumwaga aliona si vizuri. Haya aliniambia mwenyewe, lakini kwa kuchelewa, kama yote ninayoyajua juu yake.

Mtoto wao Erica ana duka Makambako. Tangu msiba alikuwa anamsihi baba yake akahamie kwake. Mzee hakutaka. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, na Idda amelala makaburi ya hapahapa. Ila upweke ulikuwa unamla, na hakuuficha kwa binti yake. Mwishowe wakakubaliana hivi: jumuiya husali kila Jumatano nyumba kwa nyumba, na zamu ya nyumba yake ilikuwa inakaribia. Watu wakija kusali kwake na kunywa chai yake, atajua bado ana watu, atabaki. Wasipokuja, ataenda.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Aliyekuwa anakuja jumuiya ni Idda. Mzee alisali kanisani tu, benchi la nyuma, kisha nyumbani. Kwa hiyo habari zake tulizipata kwa kuchungulia, na mchunguliaji mkuu ni mimi. Asubuhi moja nikamkuta barazani na birika lake.

"Kamwene, baba Erica."

"Kamwene, mama Brayson. Karibu chai."

Nikainusa. Kwetu majani yakichemshwa bila majani ya chai, ni dawa. Utayanywa ukiwa na mafua, ukipona unarudi kwenye chai yako ya maziwa. Nikauliza kwa adabu, "Hiyo unatumia mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu. Asubuhi, mchana na jioni."

Kutwa mara tatu, na saa mkononi. Ningehitaji nini zaidi? Na kwetu mtu mzima haulizwi anaumwa nini, akitaka atasema. Nikamwambia nimeshakunywa nyumbani, nikaenda zangu nikiwa na huruma tele, na Jumatano ile nikaandika jina lake kwenye orodha ya wagonjwa. Tukamwombea kwa sauti. Mwenyekiti wetu, Elius, akasema mgonjwa mjane hatumbebeshi mzigo wa kutupikia, zamu yake tuiruke. Wote tukaona ni busara. Hakuna aliyetumwa kumwambia, maana ungemwambiaje bila kuugusa ugonjwa wenyewe?

Wiki ya tatu baada ya hapo tulisali kwa mwenzetu Zita. Baada ya Zita ni kwa Mzee Anania, baada yake ni kwa Elius. Jumatano iliyofuata tukapita mbele ya geti lake kwenda kwa Elius. Geti lilikuwa wazi na uwanja umefagiliwa. Niliona, na nikadhani pengine Erica amekuja kumhudumia. Tukaimba sana siku ile. Kwa Elius na kwake ni nyumba jirani, sauti zote zilimfikia.

Kesho yake dhamiri ikanisumbua kidogo, nikachukua kilo ya sukari na sabuni, kama tunavyokwenda kwa wagonjwa. Nikamkuta anafunga vyombo kwenye boksi. Mezani palikuwa na chupa tatu za chai, vikombe kumi na vinane, vingine bado vina karatasi ya dukani, na sufuria la viazi vya kuchemsha vilivyolala.

"Pole na kuumwa, baba Erica."

"Nani anaumwa?"

Nikaeleza. Nilipofika kwenye kutwa mara tatu alicheka, na kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu Idda afariki. Naye ndipo akanieleza vikombe viwili, na ahadi yake na Erica, na kwamba jana usiku alimpigia simu, gari litakuja Jumamosi.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia mpigie mtoto, mwambie umeghairi, Jumatano tunakuja wote, hata watoto tutawaleta.

Alinivutia kiti, akanimiminia kikombe.

"Nimwambie nini, mama Brayson?"

"Ukweli. Kwamba tulikosea. Tulidhani unaumwa."

"Ataniuliza mlidhani kwa muda gani."

"Wiki nne," nikasema.

"Wiki nne mmejua naumwa." Hakupandisha sauti. Alikuwa anafuta kikombe kingine kwa kitambaa. "Halafu ataniuliza, baba, katika wiki hizo nne nani alikuja kukuona?"

Sukari na sabuni vilikuwa bado mapajani mwangu. Nikanywa kikombe chote bila kukiweka chini, kwa kuwa ningekiweka ingenibidi nimjibu.