Kisu cha Kukunja Kilichonuka Moshi wa Samaki

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usiongeze sukari. Juzi ulinunua sokoni kisu kinachong'aa kama kioo, na leo umeniletea vipande viwili ukiniuliza kama chaweza kuungwa. Hakiungiki. Kaa hapa nikueleze jinsi kisu kinavyochaguliwa, kwani mimi niliwahi kuchagua kimoja wakati ambapo nafasi yangu yote katika ukoo wa babu yako ilikuwa imening'inia juu yake.

Nililetwa Kisangani kutoka Maniema nikiwa bibi harusi. Hiyo ilikuwa enzi ya Zaire, wakati kila mtu aliitwa sitwayen, yaani mwananchi, na Jumamosi ilikuwa siku ya salongo: watu wote wa mtaa wetu wa Mangobo tulitoka na majembe na mapanga kusafisha mitaro kwa amri ya chama. Babu yako alikuwa kibarua katika uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Mama yake, ambaye tuliishi naye nyumba moja, alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa Yanonge. Alikuwa na mtumbwi wake mwenyewe na biashara yake mwenyewe. Aliteremka na mkondo hadi Yanonge, akanunua samaki waliokaushwa kwa moshi, kisha akaingoja meli kubwa itokayo Kinshasa. Meli ile ilisukuma mabaji, yaani matishari, yaliyojaa watu na mizigo, nayo haikusimama kwa ajili ya mitumbwi. Ilikupasa uiendee ikiwa mwendoni, urushe kamba, ufunge mtumbwi ubavuni mwa baji, na hivyo uvutwe hadi Kisangani bila kuchosha mikono.

Binti yake, yaani wifi yangu, alikwenda naye kila safari. Mimi nilibaki na sufuria. Mama mkwe hakuwahi kunitukana, lakini hakuniita binti wala hakuniita kwa jina. Aliniita mugeni, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwitia paka. Nilikaa katika nyumba ile misimu miwili ya mvua nikiwa mgeni, nikaona kwamba nisipoingia katika mtumbwi ule nitazeeka nikiwa mgeni.

Nilimtuma babu yako aniombee. Jibu lilirudi fupi: asiye na kisu chake haingii mtumbwini. Kwao, kisu hakiazimwi juu ya maji. Wala hakipokezwi mkono kwa mkono. Anayekitoa hukiweka chini, anayekitaka hukiokota. Na wakati wa kula, mwenye mtumbwi huweka kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa majani, mbele ya mtu mmoja tu, akate na kuwagawia wengine. Kuwekewa kwanga ni kuambiwa kwamba mwenye mtumbwi anakuamini kwa roho yake. Siku zote aliwekewa wifi.

Wifi alikuwa na kisu chekundu alichoachiwa na msafiri mmoja pale uwanja wa ndege. Kilikuwa na bapa tatu, kijiko, uma, na msumari wa kuzungusha wa kufungulia chupa. Alikivaa shingoni kama mkufu. Alinishauri nitafute cha namna ile au nibaki na sufuria zangu. Niliweka ndizi mbichi moja kapuni, nikaenda sokoni.

Palikuwa na papa mmoja, yaani mzee, aliyetandaza vitu vyake juu ya turubai. Alikuwa amenunua mabaki ya duka la Mgiriki mmoja, lile ambalo, maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wakubwa, liliuzwa kidogo kidogo hadi likabaki vumbi na mbao. Pembeni kabisa, chini ya vitasa vyenye kutu, vililala visu vya kukunja vya zamani: mpini wa mti usio na rangi, ubapa mmoja tu, na pete ya chuma shingoni ya kuufunga usikurudie vidoleni. Chuma chake kilikuwa na madoadoa. Muuzaji aliniambia kwamba hivyo ni vya wazee, akanisogezea vile vinavyong'aa.

Mama yangu kule Maniema alinifunza jambo moja kuhusu chuma. Kata ndizi mbichi, uache utomvu wake juu ya kisu. Kisu kikibaki cheupe kama kilivyokuwa, jiwe la kunolea litakisumbua na hakitakupa kitu. Kikishika weusi, hicho kitang'ata. Basi nilichuchumaa mbele ya turubai lile, nikakata ndizi kwa kila kisu, nikasubiri. Nilikagua pia kama ubapa unaingia mpinini bila kucheza, na kama pete inazunguka bila kulazimishwa. Watu wakaanza kusimama kutazama.

"Mama," muuzaji akaniuliza, "unanunua hii kisu ao unaioa?"

"Nikiioa nitaikala nayo," nikamwambia. "Bakia na zako zenye kumetameta."

Kimoja kiligeuka cheusi kama wino. Nilikipata kwa sarafu chache za makuta ambazo hazingetosha kopo la sardini. Nilikifunga katika pindo la kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, nikarudi nyumbani nikitembea kama mke wa komisera, mkubwa wa serikali.

Furaha hiyo haikudumu. Siku ya salongo mvua ilitunyeshea tukiwa katika mtaro. Baadaye jirani mmoja aliomba akatiwe kamba ya mzigo wa majani, nami nikatoa kisu changu mbele ya wanawake wote. Ubapa haukutoka. Mti ulikuwa umekunywa maji, umevimba, umekibana chuma. Nilivuta hadi ukucha ukakatika.

"Bokilo," wifi akasema, naye alipenda kuniita shemeji kwa Kilingala hasa akitaka kunichoma, "kisu yako iko na mimba. Itazaa lini?"

Siku nyingi baada ya hapo, kila nilipopita bombani, wanawake waliniuliza habari za mtoto.

Mama mkwe hakucheka. Alikiokota kisu nilipokiweka, akakinusa, akakirudisha chini. Aliniambia kwamba kila mti una kiu, na kwamba kosa langu lilikuwa kuuacha ule unywe maji kabla haujashiba mafuta. Sikuhitaji kuambiwa tena. Nilikikausha juani, nikapasha mawese, nikakilaza ndani yake mpaka mti ukakataa kuendelea kunywa. Kisha nikakining'iniza juu ya kichanja cha samaki, katika moshi wa taratibu, hadi mpini ukawa mweusi na mgumu kama pembe. Nikakitumbukiza katika ndoo ya maji mbele ya wifi, nikakitoa, nikakifungua kwa kidole gumba. Wifi alisema tu kwamba kinanuka. Ni kweli, kilinuka samaki, na hadi leo kinanuka.

Safari iliyofuata mama mkwe aliniambia niingie. Alinikalisha katikati, baina ya makapu, akanipa kopo la kuchotea maji. Tulipokula, aliweka kwanga mbele ya wifi, na mimi nikapata kipande cha mwisho.

Tulinunua samaki Yanonge, wengi na wazuri, fedha zote za mama mkwe zikiwa mle. Meli ilipokuja tuliiendea vizuri. Wifi alirusha kamba, akafunga, na mtumbwi mwingine ukaja ukajifunga kwetu, kama ilivyokuwa desturi. Tulivutwa hivyo kwa muda, watu wakituuliza bei kutoka juu ya baji. Mara nahodha akaona mchanga mbele, akaigeuza meli ghafla. Baji likatuegemea. Kamba ikakaza hadi ikaanza kulia, pua ya mtumbwi wetu ikashuka, na maji yakaanza kupanda juu ya mbao, yakigusa makapu.

Fundo lililokazwa namna ile halifunguki kwa vidole. Mama mkwe alikuwa nyuma kabisa, ameshikilia kasia ili tusipinduke. Wifi alikuwa mbele, na kisu chake kilikuwa mkononi tayari. Lakini vidole vilikuwa na maji, naye akafungua kijiko. Akakifunga, akafungua msumari wa chupa.

Nilipita juu ya makapu kwa magoti. Nilifungua kisu changu, nikazungusha pete, nikaikata kamba ya baji kwa kuvuta mara moja, kisha nikageuka nikakata ile ya mtumbwi uliojifunga kwetu. Pua ya mtumbwi ikaruka juu. Meli ikaenda zake na kelele zake, sisi tukabaki katikati ya mto, tumelowa, makapu yote yakiwa mahali pake.

Ilitubidi tupige kasia hadi kisiwa cha mchanga, na tulijua kwamba Kisangani tungeifikia kwa mikono yetu wenyewe. Mama mkwe alikamua kikwembe chake, akatoa kwanga, akaondoa majani yake taratibu. Wifi alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, kisu chekundu kikiwa kimerudi shingoni. Mama mkwe akampita. Akaja kuiweka kwanga juu ya ubao mbele yangu.

"Kata, binti yangu," akasema.

Nilikata. Chuma kiliacha alama nyeusi pembeni mwa kila kipande, kwa sababu ndivyo chuma cha namna ile kilivyo. Kipande kikubwa nilimpa yeye, kinachofuata nikampa wifi. Wifi akakinusa.

"Inanuka samaki," akasema, akakila chote, akanyoosha mkono kuomba kingine.