Mama Mvua wa Zegereni

Mwamini binti Zahoro alizaliwa Maneromango akiwa amekunja ngumi. Ndivyo mama yake alivyopenda kusimulia, na miaka arobaini na mbili baadaye ngumi hizo zilikuwa hazijakunjuka. Mwamini alimpasua mume wa kwanza kwa mwiko, na wa pili akamtoa nyumbani kwa mchi wa kutwangia. Pale Kongowe ya Kibaha alikopanga chumba, hata walevi walishusha sauti wakipita mlangoni kwake. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kunyunyiza maji utaonekana unamtania. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka saba katika kiwanda kimoja cha kurejeleza taka huko Zegereni, na aliifanya kama ibada.

Kiwanda kilipokea maboksi na karatasi kutoka majalalani, kikazisaga kwenye krasha, kikazifunga marobota. Vumbi lake lilikuwa jepesi, la kijivu, likiingia puani, kwenye chakula, na ndani ya nguo mpaka mahali pasipotajika. Mwamini alishika mpira wa maji wenye mdomo wa shaba. Alilowesha lundo kabla halijasukumwa kwenye krasha, alinyunyiza sakafu kabla ufagio haujaigusa, na kila Jumamosi alipanda ngazi kuosha kenchi za paa. "Vumbi hulazwa, halifukuzwi," alisema, na aliyethubutu kufagia pakavu alikula kofi. Wenzake wakambatiza Mama Mvua.

Jambo moja hakumwambia mtu. Alipokuwa na miaka tisa, unga uliotanda ndani ya kibanda cha baba yake cha kusagia mihogo ulishika moto kwa kibatari, na ngozi ya uso wa baba ikabambuka yote. Mwamini alijua kwamba vumbi likisimama hewani huwaka kama petroli. Lakini kwao kidonda cha baba hakitembezwi vijiweni, akanyamaza. Watu wakaona kofi tu, sababu hawakuijua.

Miezi miwili kabla ya siku ninayoisimulia alimleta kiwandani Hajra, mdogo wake wa mwisho, binti wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, mcheshi, asiyejua kugombana. Mama yao alimkabidhi kwa maneno machache: "Huyu nirudishie kama alivyo." Mwamini akamweka kwenye kuchambua maboksi, na kila asubuhi alimfunga mwenyewe kitambaa cha pua, akikikaza mpaka mtoto wa watu akalia.

Jumanne hiyo wakaguzi walitarajiwa saa nane mchana. Pampu ya kupandisha maji juu ilikuwa mbovu kwa Jumamosi tatu na kenchi hazikuwa zimeoshwa, vumbi limekaa juu yake unene wa kiganja. Pampu ilipona jana yake, na asubuhi hiyo Mwamini alikuja amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa vita. Vita akavipata, maana Castory, msimamizi, alisimama mbele ya bomba.

"Leo hakuna maji, Mama Mvua. Wageni wanakuja na viatu vya ngozi, mimi sitaki tope humu."

"Na hilo vumbi la juu?"

"Litapigwa upepo wa kompresa. Dakika ishirini, kwisha."

Hapo ndipo mtu mwingine angesema, sikiliza bwana, nilimwona baba yangu akiungua. Mwamini akasema, "Huna akili." Castory akamnyang'anya mpira. Mwamini akauvuta, akauzungusha, na mdomo wa shaba ukamkuta Castory kwenye meno. Jino likatoka. Castory, damu ikimtiririka hadi kwenye shati jeupe alilowavalia wageni, akampiga kofi lililomwangusha, kisha teke la ubavu, kisha la pili. Mwamini akamng'ata mguu na hakuuachia mpaka walipokuja wanaume wanne. Ponsiano, mlinzi, akamburuta kwa kanga hadi nje ya geti na kufunga.

Hajra alimfuata hadi kwenye nondo za geti, machozi yanamtoka.

"Dada, unanitia aibu. Kila siku ngumi, kila siku wewe!"

"Toka humo. Twende nyumbani."

"Siendi. Mimi nitafanya kazi yangu kama watu."

Akageuka akaenda. Mwamini akabaki ameshika nondo, ubavu unamchoma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa.

Kompresa ikaunguruma. Kutoka getini aliliona banda lote, maana milango yake ilikuwa wazi. Aliona nani aliyepandishwa ngazi na bomba la upepo mkononi: Hajra, kwa kuwa ni mwepesi. Mdogo wake alielekeza bomba kwenye kenchi na vumbi la Jumamosi tatu likanyanyuka kwa mpigo mmoja, likajaza banda, likaanza kutokea juu ya kuta. Na ndani ya wingu hilo, chini kabisa, mwanga wa buluu ulikuwa unawaka na kuzima. Rama, fundi wa kuchomelea, alikuwa anaziba ufa wa krasha ili nayo ipendeze mbele ya wageni.

Mwamini akaokota jiwe. "Fungua, Ponsiano."

"Mama, nenda nyumbani ukapoe."

Akampiga nalo juu ya jicho. Mlinzi akakaa chini, Mwamini akampora funguo, akaingia mbio akipiga kelele: "Zimeni! Rama, zima! Vumbi litawaka!"

Walimsikia wote. Lakini walichokiona ni Mama Mvua amerudi kummalizia Castory, jiwe lina damu mkononi. Castory akakimbilia nyuma ya marobota. Wawili wakamkamata mikono. Rama akainua kinga ya uso, akacheka, "Leo mashetani yamempanda kweli!" akaishusha tena, akaendelea na kazi.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Sawa. Lakini dawa nayo, kama miaka saba inaletwa kwa makofi, ni nani atakayeijua siku inapokuja ya kweli?

Mwamini alimpiga mmoja kichwa cha pua, akamtia mwingine vidole machoni. Hakumkimbilia Rama, alikuwa mbali. Alikimbilia ngazi. Akaipiga kwa bega, na Hajra akaporomoka kutoka juu akaangukia mkono, na mfupa ukalia wote wakasikia. Binti akapiga yowe. Mwamini akamkamata nywele, akamburuta kwenye sakafu kuelekea mlangoni, Hajra akimpiga, akimparura uso, akimwita mchawi. Walikuwa hatua tatu nje ya banda.

Hakusikia mlio. Alisukumwa kifudifudi juu ya mdogo wake, na mabati ya paa yakapita juu yao. Aligeuka akaona banda ni moto mtupu, na watu wanatoka ndani yake wakiwaka. Akaushika mpira wake, uliobaki bombani nje ya banda. Safari hii hakuna aliyemzuia. Alimwagia kila aliyemfikia, na wa nne alikuwa Castory, ambaye mikono yake haikuwa na ngozi. Rama hakutoka.

Hospitalini wakawekwa kwenye korido moja, Hajra kwenye benchi mkono umefungwa, Castory kwenye kitanda cha magurudumu.

"Nilidhani unataka kunipiga tu," alisema Castory, midomo haisogei vizuri.

"Nilitaka," alijibu Mwamini. "Na kukwambia pia. Nikaanza na kukupiga."

Kisha akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia kwenye mazishi ya baba yake. Rama alikuwa na miaka ishirini na sita, na kicheko chake ndicho kilichobaki masikioni mwa Mwamini. Sentensi moja tu, ingesemwa kwa upole asubuhi, au mwaka jana, au mwaka wowote ule.

Muuguzi akaja na fomu ya polisi, ile PF3, maana mfupa wa Hajra haukuvunjwa na moto.

"Nani amekuvunja mkono?"

Hajra alimtazama dada yake.

"Andika dada yangu."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi." Akavuta pumzi. "Na uandike sishtaki. Halafu mwambie asinishike. Leo asinishike kabisa."

Mwamini akaiweka mikono yake mapajani. Akakaa hivyo, hatua mbili kutoka kwa mdogo wake aliye hai, mpaka asubuhi.