Sifa Aliyoikataa Filister

Jirani yangu Priscah ndiye aliyeniletea hiyo habari. Alikuwa ameshika ndoo tupu na hakuonyesha haraka yoyote ya maji.

"Mama Mokua, kwani wewe unalala aje hapo? Gitaa ya marehemu inalia yenyewe. Watu wamesikia! Joash anarudi kwa bibi yake, ndio maana Filister anakataa kurithiwa."

Nikamwambia mimi sijasikia kitu. Lakini nilikuwa nimesikia. Chumba chetu na cha Filister vilitenganishwa na mabati tu, na kila asubuhi nikiwasha jiko la mandazi, gitaa lilikuwa likilia upande wa pili, bila umeme, kama mtu anayenong'ona. Lilikuwa likikosea. Likirudia, linakosea palepale. Joash hakuwa anakosea pale. Huyo alikuwa ni Filister, anajifunza.

Siku moja alipokuja kununua mandazi nikaona ncha za vidole vyake. Zilikuwa zimechubuka mpaka nyama nyekundu.

"Weka maji ya chumvi," nikamwambia.

"Nimeweka. Sasa zinauma na ni tamu pia," akacheka.

Filister alitoka Karungu, kwa wavuvi. Joash alienda huko kupiga muziki wa benga kwenye matanga, akarudi Migori na mke. Akafungua baa kando ya barabara, akaandika ukutani kwa rangi ya buluu: NYAR KARUNGU, yaani binti wa Karungu. Bendi ilipiga hapo kila Jumapili mchana. Filister alikaa kaunta, na mpiga gitaa la pili akilewa, yeye alipangusa mikono, akalichukua, akaendelea kama aliyeshika mwiko.

Halafu Joash akaanza kukonda. Alikonda mpaka gitaa likamshinda uzito. Wakampeleka hospitali Homa Bay, akarudi ndani ya sanduku.

Matanga yalipokwisha, akaja Otieno, ndugu wa marehemu, kumrithi Filister awe mke wake. Kwa mila ya Wajaluo, mjane ambaye hajarithiwa haingii nyumba ya watu wala hashiki mtoto wa mtu. Akifanya hivyo, wanasema chira, laana ya kuvunja mila, itamfuata yule mtoto, akonde mpaka afe. Kwa hiyo wote walimngoja Filister akubali. Na akikubali, baa pia ni ya Otieno. Alishatangaza kwamba vyombo vya muziki vitauzwa, pale pawekwe mashine ya kusaga mahindi.

"Mimi sijui Joash alikufa na nini," Filister aliniambia. "Nimebeba nini mwilini, sijui. Otieno pia hajui. Na bado anataka."

Sisi ni Wasabato, kwetu Jumapili ni siku ya kazi. Mume wangu Ongeri aliniruhusu kuuza mayai ya kuchemsha mlangoni pa baa. Alisema yai halilewi. Kwa hiyo ile Jumapili, mwaka wa tisini na sita, nilikuwa hapo mlangoni na beseni langu, mwanangu Mokua mgongoni, nikaona yote.

Filister alisimama mbele na gitaa la Joash, lile la solo. Elkana alikuwa kwenye besi, akaangalia viatu vyake tu. Watu walijaa. Hata wachuuzi wa ng'ombe kutoka Ogwedhi walikuwepo, na hao ndio wanaopenda kununua sifa. Sifa ya benga iko hivi: mtu anainua mkono, muziki unanyamaza, anatupa sarafu, anajitaja vile anavyotaka. Mwimbaji lazima aimbe yale maneno kama yalivyo. Hachagui.

Mchuuzi mmoja, Gisiri, akainuka. "Mimi Gisiri! Ng'ombe zangu zikikunywa maji, mto Migori inakauka!"

"Sasa tutaoga wapi, mzee?" mtu akauliza, na watu wakavunjika mbavu.

Filister akamwimba Gisiri na ng'ombe zake na mto wake. Kisha akaingia kwenye solo. Nilibana beseni kifuani. Akafika pale alipokuwa akikosea asubuhi zote zile, akapapita, safi. Elkana akainua kichwa.

Hapo ndipo Otieno akainua mkono.

Muziki ukanyamaza. Akatupa sarafu miguuni mwa Filister. "Mimi Otieno! Ndugu ya Joash! Bwana ya Nyar Karungu, ile ya ukuta na ile inashika gitaa! Imba, chiwa."

Chiwa ni mke wetu. Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua kwamba akiimba maneno hayo amekubali ndoa, na mashahidi ni baa nzima.

Filister akainama, akaokota sarafu, akaenda kuiweka kwenye meza ya Otieno.

"Shemeji, chukua. Hiyo siimbi."

"Sifa imelipiwa!"

"Ndio nimerudisha."

Watu wakaguna. "Pesa ya sifa hairudi, mama," Gisiri akasema. "Leo ni yake, kesho utarudisha yangu?"

Otieno hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alisema polepole, kama mtu anayeaga, "Sawa. Mwenye ana watoto nyumbani achunge. Mjane hajarithiwa, na nyinyi mnakula kwa mkono yake. Mimi nimesema."

Kiti kimoja kikakwaruza sakafu. Halafu kingine. Gisiri alimaliza bia yake akiwa amesimama, akatoka. Walinipita mlangoni bila kuniangalia, mayai hawakuyaona. Filister alirudi mbele, akapiga wimbo ule mpaka mwisho, viti vikimsikiliza.

Wiki nzima hakuingia mteja. Otieno alikaa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, anahesabu hewa.

Jumapili iliyofuata asubuhi, Filister alikuja kwetu. Alisimama nje ya mlango.

"Karibu ndani," nikasema.

"Siingii, nyamera, dada yangu. Sikia. Watu hawaogopi Otieno. Wanaogopea watoto wao. Leo nikipigia viti tena, Elkana ataondoka, na kesho Otieno anakuja na kufuli."

Ongeri alikuwa ndani, ameacha kukunja magazeti ya kufungia mandazi. Alikuwa akisikia.

"Sasa mimi nitakusaidia na nini?"

Filister akamtazama Mokua, aliyekuwa anatafuna kona ya leso yangu.

"Leo usiuze mayai mlangoni. Ingia ndani, ukae meza ya mbele, mlango ukiwa wazi. Na nikimaliza wimbo wa kwanza, nipe mtoto nimshike, Otieno akiona."