Elinami Alikula

Jumapili ile Mama Elinami alidamka akapika wali wa nazi na kuku, maana mwanawe alikuwa anarudishwa kanisani kwenye meza ya Bwana. Tulikuwa Wapare wachache pale Mtoni, tulioshuka pwani kutafuta kazi, na kanisa letu la makuti kando ya Barabara ya Kilwa ndilo lilikuwa ukoo wetu. Mie nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Elinami, rafiki yangu, alikuwa fundi mwashi.

Mwaka mzima alikuwa ametengwa na kanisa. Kosa lake? Baba yake alifariki, akaenda Upareni kuzika, na baba zake wadogo walipochinja mbuzi wa tambiko naye akashika mguu wa mbuzi. Mchungaji wetu, Mdachi wa Ujerumani aliyekijua Kiswahili kuliko baadhi yetu, alisema huko ni kuabudu wafu. Elinami akamjibu, "Bwana, si wewe uliyetufundisha kumheshimu baba?" Jibu hilo likamwongezea miezi. Akawa anakaa benchi la nyuma, na sisi tukianza kula Chakula cha Bwana yeye anatoka nje.

Basi siku hiyo kavaa shati jeupe, kanyolewa vizuri, anacheka ovyo. Mahubiri yakaisha. Mkate ulikuwa umeshafunuliwa ndipo polisi walipoingia na ofisa wao Mwingereza, kofia kichwani. Vita vimetangazwa Ulaya. Mdachi yeyote ni adui, aende kambini. Mchungaji akavua joho. Nikamfuata hadi kwenye lori, nikamwuliza, "Bwana, na Elinami?"

"Angoje," akasema. "Na wewe usiguse kikombe. Nyinyi bado hamjakomaa."

Lo! Miaka yote hii anatufundisha, na bado hatujakomaa! Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyewekewa mikono kuwa mchungaji pale kwetu. Kwa hiyo lori lile liliondoka na ubatizo, na ndoa, na meza, na msamaha wa Elinami. Tuliula wali wa mama yake kama watu wa msibani.

Misheni ikakosa fedha, shule ikafungwa. Serikali ilikuwa inataka vijana. Nikaandikishwa jeshi pamoja na Elinami, na baada ya mafunzo na kuhamishwahamishwa tukavushwa bahari hadi Bama, huko Asia, kupigana na Mjapani.

Huko nilimwona kasisi wa jeshi, Mwingereza, akiinyooshea mkono mizinga yetu na kuiombea shabaha. Nikaitikia Amina, maana sajini alikuwa ananitazama. Elinami akamwendea kasisi huyo kuomba meza. Angenyamaza tu angepewa, lakini bwege yule alisema kweli kwamba ametengwa kwao. Kasisi akamwambia hilo ni shauri la kanisa lake.

Mvua ya kule usiombe. Tulilala matopeni, ruba wamejaa miguuni. Asubuhi moja tulitumwa kuvuka bonde.

Bonde lilikuwa kimya.

Kisha bunduki ya rashasha ikaanza upande wa kushoto.

Nililala chini. Elinami hakulala, alianguka.

Nikamvuta kwa mkanda hadi nyuma ya gogo. Tumbo lilikuwa wazi. Nililifunika kwa koti langu ili nisilione.

"Mwalimu," akasema, "nirudishe mezani."

"Mie si mchungaji, Elinami."

"Mchungaji yuko wapi?"

Nikatoa biskuti ngumu ya jeshi, nikaivunja kwa kitako cha bunduki. Kwenye chupa mlikuwa na chai baridi. Nikamwambia amesamehewa. Nikayasema yale maneno yote ya meza, risasi zinakata majani juu yetu. Akala kipande. Akanywa. Akafa kabla sijafika Amina.

Nasema tena: alikula.

Vita vilipokwisha nilirudi Mtoni, na kabla sijafika kwangu nilipitia kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Hata hakuitikia. Habari za kifo zilishamfika. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu alikula?"

"Alikula, mama. Nilimpa mie."

Akapiga magoti pale uani akalia, kilio cha kushukuru. Kesho yake akaenda kwa mchungaji, akamsimulia yote, akaomba ibada ya kumwombolezea mwanawe.

Mchungaji mwenyewe alikuwa mpya, Mzungu wa nchi nyingine, kijana, mpole. Upole wake ndio uliotumaliza. Aliniita akanieleza taratibu kwamba asiyewekewa mikono hawezi kumfungua aliyefungwa na kanisa, na kwamba biskuti na chai si mkate na divai. "Simama Jumapili ukiri kwamba kile hakikuwa Chakula cha Bwana," akasema, "nami nitakurudishia shule."

"Na Elinami?"

"Alikufa akiwa ametengwa. Tumwachie Mungu."

Nikainuka. "Mizinga ilibarikiwa, Bwana! Biskuti yangu ndiyo haramu?" Wamisheni hao walituletea Kristo aliyekula na wenye dhambi, kisha wakamwekea bawabu mlangoni. Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Jumapili nikasimama nikasema, "Elinami alikula, na aliyempa ni mie." Nikatengwa hapohapo. Shule nayo ikaenda.

Hayo niliyabeba. Nililoshindwa kulibeba ni la mama. Mchungaji alimfuata nyumbani akamweleza, kwa huruma, tena na tena, mpaka akaamini. Akaja kwangu. "Mwalimu, ulinidanganya ili unifariji?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu."

"Mchungaji kasema."

Mie nilikuwa na neno langu tu. Mwenzangu alikuwa na joho. Ningefanyaje?

Alipougua kifua, mchungaji alimletea mkate na kikombe kitandani. Mie nilikaa uani, mlango u wazi. Wakamwinua kichwa. Akauliza, "Nikila hiki, nitakwenda aliko Elinami?"

Mchungaji angeweza kudanganya, hakudanganya. "Mungu ndiye ajuaye," akasema.

Mama akafumba mdomo. Wakambembeleza, wakamsihi. Ng'o! Alikufa siku ya pili, mchana, hajaufumbua.

Wazee wa kanisa wakaamua kwamba aliyeikataa meza hazikwi na kanisa. Mwarabu mwenye duka, jirani yetu, akatoa sanda bila kuombwa, na Wazaramo wa mtaani wakachimba kaburi. Wakristo wenzangu walikuja, lakini walisimama ng'ambo ya barabara, wanatazama. Nikaanzisha wimbo wa maziko. Waliokuwa nami kaburini hawakuujua. Wale wa ng'ambo waliujua, beti zote, maana mie ndiye niliyewafundisha. Niliuimba peke yangu mpaka kaburi likajaa.