Beringi Iliyoingia Bila Nyundo

Maikromita ile niliinunua kwa picha saba. Mimi, mtoto wa mfugaji, ambaye baba yangu hakuwahi kununua ng'ombe bila kumtembeza kwanza, kumfungua mdomo aone meno, na kumwinua mkia huku mwenye ng'ombe akinung'unika pembeni. Nilitazama picha saba kwenye simu, nikaikuza ya tatu kwa vidole viwili, nikasema hii ndiyo. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililifunga mdomo mimi.

Nina karakana ya kuchonga vyuma hapa Musoma, na nyumba yangu iko Kigera. Watu huniletea shafti zilizolika, za mashine za kusaga, za pampu, za boti, nami nawachongea mpya. Shafti ni ule mti wa chuma unaozunguka, na beringi ndiyo pete inayoubeba. Shafti ikizidi unene, beringi haiingii. Ikipungua hata kwa unywele, beringi inaingia lakini haishiki. Shafti inateleza ndani yake, inachemka, mwisho vyote vinaungua. Ujuzi wangu wote umekaa ndani ya huo unywele, na maikromita ndiyo inayoupima. Unabana chuma katikati ya taya zake mbili, unasoma mistari, unapata unene mpaka sehemu ya mia ya milimita.

Ya kwanza niliitunza miaka mingi, halafu nikaiangusha mwenyewe sakafuni. Mzee aliyenifundisha kazi alitukataza kabisa kutumia maikromita iliyoanguka. Alisema hata ikionekana nzima, imeshakufa. Nilimtii, nikaiweka juu ya kabati. Mpya ya aina ile ingenila miezi ya kazi, kwa hiyo nikaingia mtandaoni kutafuta zilizotumika, za kutoka ng'ambo, ambazo watu wote siku hizi wanazisifia.

Ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye kisanduku cha mbao kilichonukia mafuta. Ndani ya kisanduku kulikuwa na nafasi mbili: moja ya maikromita, nyingine nyembamba ya kile kifimbo cha chuma ambacho urefu wake unajulikana, unachokibana ili ujue kama kifaa kinasema kweli. Nafasi ya kifimbo ilikuwa tupu. Namba ya kwenye kisanduku haikuwa namba ya kwenye kifaa. Na mgongoni mwa kifaa kulikuwa na gundi kavu yenye mabaki ya karatasi nyekundu, mtu alikuwa ameikwangua. Niliyaona yote matatu siku ileile, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Nikajiambia kifimbo kimepotea tu, vitu hupotea. Nilishaipenda. Ilikuwa inang'aa.

Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo ilikuwa ya dada yangu. Yeye ameolewa Butiama, ana mashine ya kusaga, na mume wake ndiye aliyekuwa akiiendesha. Huyu shemeji yangu nina sababu ya kumheshimu kuliko watu wengi. Ng'ombe aliotoa kwa dada yangu ndio nilioolea mimi. Mke wangu, watoto wangu, wote wamepita kwenye zizi lake. Alikuwa mlevi zamani, mlevi wa kuokotwa njiani, kisha akasimama kanisani akasema ameacha, na akaacha kweli. Mwaka wa nne ulikuwa unakwenda. Dada yangu alimkabidhi ufunguo wa mashine, na nadhani ule ufunguo ulimshika kuliko mahubiri yoyote.

Nilimchongea shafti, nikapima mara tatu, nikamtumia. Siku aliyoifunga alinipigia simu.

"Shemeji, hii beringi imeingia yenyewe," aliniambia. "Sijagonga hata kidogo. Si huwaga tunagongaga na kipande cha mti?"

Naikumbuka sauti yake. Hakuwa analalamika, alikuwa anauliza.

Nikamjibu kwamba vipimo havidanganyi, na kwamba kama imeingia vizuri amshukuru fundi. Nikacheka. Nilimwambia afunge, watu wasage.

Wiki tatu baadaye ikaungua. Nilienda Butiama mwenyewe, nimekasirika njia nzima, maana kazi yangu hairudi, hairudigi, ndivyo nilivyokuwa najisifu. Akina mama walikuwa wamekaa na ndoo zao za mahindi na udaga wa mihogo, wanasubiri kusikia. Beringi ilikuwa imegeuka rangi, bluu na nyeusi. Beringi iliyokosa grisi huwa hivyohivyo. Sikuuliza swali hata moja. Nikaiinua wote waione, nikasema huyu hakuweka grisi.

Shemeji alikwenda ndani akaleta kopo la grisi, limeshatumika nusu. "Niliweka, shemeji. Kila asubuhi nawekaga."

"Kopo linaweza kupungua kwa njia nyingi," nilisema. Kisha nikamuuliza, mbele ya mke wake na mbele ya wale akina mama, "Umeanza tena?"

Mtu hamwambii hivyo mume wa dada yake, kwetu hata faraghani hasemi. Yeye alinitazama, akatazama kopo, akasema tu, "Nilikupigia, shemeji." Nikajifanya sikusikia. Dada yangu alichukua ufunguo jioni ile, akamwajiri kijana wa jirani. Shafti nyingine walinunua Mwanza, na mimi nikaona afadhali, wameniondolea lawama.

Miezi mitano ikapita. Shafti za unene ule hazikuja. Ndogondogo nilizipima kwa kifaa kingine. Halafu akaja mwenye boti wa Makoko na shafti yake na beringi mpya mkononi, akasema atasubiri afungiwe papo hapo. Nikachonga, nikapima, nikasoma namba niliyoitaka. Nikachukua beringi na nyundo. Beringi ikateremka yenyewe kwa kidole kimoja mpaka mwisho, ikakaa pale inachezacheza.

Nilibaki na nyundo mkononi. Yule mwenye boti alinisifu. Mimi nilikuwa nasikia sauti ya shemeji kwenye simu, neno kwa neno, na kicheko changu mwenyewe juu yake.

Nilimwambia mteja arudi kesho kutwa, nikapanda gari kwenda Bunda. Huko, Kabasa, kuna fundi ambaye kwa miaka nilimwita fundi wa baiskeli, na yeye anajua kwamba nilimwita hivyo. Lakini ana kifimbo. Alikitoa ndani ya kitambaa chenye mafuta, akakifuta, akakibana kwenye maikromita yangu. Kifimbo ni milimita ishirini na tano kamili. Maikromita ilisoma ishirini na tano na sita ya mia. Akarudia. Ikasoma vilevile. Kisha akaiinua dirishani nami nikaona mwanga mwembamba ukipita kati ya taya na kifimbo, upande mmoja tu.

"Hii ilianguka," alisema. "Na hii nyekundu, wenzetu wa ng'ambo wakishakikataa kifaa wanakibandikaga hivyo, kisitumike." Akaniuliza nimeitumia kwa muda gani. Hakunicheka. Ningefurahi angenicheka.

Nilimwandikia muuzaji maneno ambayo siwezi kuyarudia. Akajibu kwa upole: "Bosi, kwenye tangazo niliandika imetumika." Ni kweli aliandika. Nimeangalia, tangazo lake bado lipo, na picha za maikromita nyingine tatu.

Nawaambia vijana wanaonipigia kuniuliza: usinunue kifaa cha kupimia bila kifimbo chake, usinunue kama namba hazifanani, na kikifika kipeleke kwa mtu mwenye kipimo unachokiamini kabla hujagusa kazi ya mtu. Wananiitikia. Hawaniulizi nilijifunzia wapi, nami sina nguvu ya kuwaeleza. Kifaa kibovu ukikijua ni chuma tu. Kifaa kibovu usichokijua kinakufanya shahidi wa uongo, na unatoa ushahidi kwa sauti kubwa kwa sababu una namba.

Kesho yake baada ya kutoka Bunda nilikwenda Butiama. Ilikuwa saa nne asubuhi. Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, na harufu ya pombe nilikutana nayo kabla sijamfikia. Dada alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba mume wake alirudia kunywa mwezi mmoja baada ya ufunguo kuondoka, lakini mimi siku ile nilichojibu ni kwamba si niliwaambia.

Nikamwita dada aje asikie. Nikaeleza yote, picha saba, nafasi tupu kwenye kisanduku, Bunda, sita ya mia. Nilimwomba shemeji msamaha mbele ya mke wake, na nikasema nitakwenda pale mashineni kuwaambia watu. Dada yangu alikaa chini akajifunika uso kwa kanga.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo grisi niliweka?" aliuliza.

"Uliweka."

"Mimi nilishakubali kwamba sikuweka," alisema. "Wote mlisema. Nikaona basi kichwa kimeharibika, kinasahau hata nikiwa sijanywa. Sasa nikae bila kunywa kwa faida gani?"

Nilimwambia tena kwamba aliweka, kila asubuhi, kama alivyosema mwenyewe. Akaitikia polepole, kwa heshima, "Sawa, shemeji," na nikaona kwamba haniamini.