Niliambiwa Bujumbura–Lilongwe kwa ndege ni masaa nane, nikaamini

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na hasira ninayo mpaka leo.

Mwaka 1995 nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, peke yangu. Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Nilivuka ziwa hadi Kigoma, nikaimaliza Tanzania kwa treni, malori na miguu, nikatokea Karonga, upande wa Malawi.

Mama nilitoka naye nyumbani, ila miguu ilimvimba, nikamwacha Kigoma kwa watu. Nikamwahidi nikishaandikishwa tu, naomba aletwe.

Kambini kulikuwa na Papa Ramazani, mfanyabiashara wa Kindu, Zaire, anauza sabuni. Alishapanda ndege, basi kila mtu anamuuliza yeye mambo ya dunia. Siku moja kabla sijaenda Lilongwe kuhojiwa, akaniita.

"Ukisema ulipita Tanzania, batakurudisha kule. We sema ulikuya na avion."

"Papa, bakiniuliza masaa?"

"Masaa nane. Mi nilipandaka, mi njo najua."

(Yeye alipanda Kindu–Kinshasa, ndege ya mizigo inayotua kila mahali. Hilo hakuniambia!)

Lilongwe, afisa wa wakimbizi akaniuliza kwa upole, mkalimani akatafsiri. Umekujaje? Ndege. Masaa mangapi? Nane.

Akaweka kalamu chini. Akasema kwa anga ni kama kilomita elfu moja na mia tatu, ndege haifikishi masaa matatu, na direct flight yenyewe hakuna. "Kwa masaa nane ungeshatumbukia baharini."

Nikaanza kusema ukweli. Treni, malori, hadi vidonda vya miguu nikamuonyesha. Wapi! Kila nilichosema kikawa uongo wa pili. File likafungwa, ombi la mama likiwa humo humo.

Nikamfuata Papa Ramazani sokoni, nikamtukana mbele ya wateja wake. Unajua alinijibu nini?

"Pengine avion ya kwenu iko mbio sana."

Watu wakacheka. Nilitamani kuipiga teke meza yake yote.

Miezi ikapita. Mama akachoka kusubiri. Mchana mmoja naona mwanamke anachechemea kuingia kambini na kifurushi, kumbe ni yeye. Njia ile ile, miguu ile ile. Nililia kwa aibu, wakuu.

Tukaenda Lilongwe, afisa yule yule.

"Mama, umekujaje?"

"Nilipita Tanzania yote, mwanangu. Malori na miguu."

Akaandika, akagonga muhuri. Hakuna cha kurudishwa wala nini! Kisha akaninyooshea kidole: huyu ni nani?

"Iko mtoto wangu."

Basi mwanaume mzima, na ndevu zangu, nikaandikwa kwenye karatasi ya mama kama mtoto anayelelewa.

Somo langu: safari yako isimulie mwenyewe, usipangiwe na mjuaji ambaye hakuitembea. Aliyewahi kuponzwa na washauri wa namna hii ashushe yake hapa chini, nasoma zote.

Na anayetaka kuniambia nimsamehe mzee wa watu, aanze kwanza kuitembea Kigoma mpaka Dzaleka na miguu iliyovimba. Mama yangu aliitembea kwa sababu mimi niliogopa kusema kweli.